George-Étienne Cartier: Mwasi Aliyekuja Kuwa Waziri wa Ulinzi

Si jambo geni katika historia ya dunia kusikia kwamba askari mtiifu aligeuka akawa mwasi. Lililo nadra ni kinyume chake: mtu kushika silaha dhidi ya serikali, kukimbilia ugenini akitishiwa adhabu ya kifo, kisha kurejea na kuwa Mwanasheria Mkuu, kiongozi wa serikali, na hatimaye Waziri wa kwanza wa Ulinzi katika nchi ile ile alimofanya uasi.

Mtu huyo ni George-Étienne Cartier wa Kanada, aliyezaliwa mwaka 1814 na kufariki dunia mwaka 1873. Kazi yake ilikuwa uwakili, na siasa ndiyo iliyoyameza maisha yake. Kwa askari na polisi habari zake zina uzito wa pekee, kwa sababu maisha yake yote yalilizunguka swali moja: ni kitu gani kinacholitenga jeshi na kundi la watu wenye bunduki? Cartier alilijibu swali hilo kwa kutunga sheria. Lakini pia lipo jambo moja aliloliacha bila kuliandika katika sheria, na jambo hilo lilizaa maafa yaliyodumu hata baada ya yeye mwenyewe kuzikwa.

KIJANA WA BONDE LA RICHELIEU

Cartier alizaliwa tarehe 6 Septemba 1814 katika kijiji cha Saint-Antoine, kando ya Mto Richelieu, katika sehemu ya Kanada ambayo wakazi wake wengi ni wa asili ya Kifaransa na ambayo siku hizi huitwa Québec. Nchi hiyo ilikuwa koloni la Ufaransa hadi ilipotekwa na Waingereza katika vita vya miaka ya 1756 hadi 1763. Kwa hiyo mtoto huyo alikulia chini ya bendera ya Uingereza, hata akapewa jina la George, kwa tahajia ya Kiingereza, kwa heshima ya Mfalme George wa Tatu. Ilhali lugha ya nyumbani kwao, dini yao ya Katoliki na sheria za urithi na ardhi zilikuwa zile za Wafaransa.

Alisoma mjini Montréal katika chuo cha mapadre wa Shirika la Sulpice, kisha akajifunza sheria katika ofisi ya wakili Édouard-Étienne Rodier. Mwaka 1835 akaruhusiwa kusimama mahakamani kama wakili. Huyo Rodier alikuwa mmoja wa wanasiasa waliojiita Wazalendo, na chini ya mwavuli wake kijana Cartier alijifunza mengi zaidi ya vifungu vya sheria.

Malalamiko ya Wazalendo yalikuwa wazi. Wananchi waliruhusiwa kuchagua Bunge lao, lakini Bunge hilo halikuwa na meno. Gavana aliyeletwa kutoka London, pamoja na washauri aliowateua mwenyewe, ndio walioshika fedha za serikali na kugawa vyeo. Mwaka 1834 Bunge lilipeleka Uingereza maazimio 92 ya kudai mageuzi. Jibu lilifika mwaka 1837, nalo lilikuwa la kukataa. Katika mwaka huo vijana wa Montréal waliunda chama kilichoitwa Wana wa Uhuru, na Cartier akawa mmoja wao. Mwezi wa Novemba serikali ilipotoa hati za kuwakamata viongozi, wengi walikimbilia vijiji vya bonde la Richelieu, na huko wakajiandaa kupigana.

SIKU YA SAINT-DENIS

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 1837, Kanali Charles Gore aliondoka Sorel akiwa na askari wapatao 300 na mzinga. Walitembea usiku kucha katika mvua na matope, wakafika kijiji cha Saint-Denis asubuhi wakiwa wamechoka na kulowa. Waasi, wakiongozwa na daktari Wolfred Nelson, walikuwa wamejiimarisha ndani ya nyumba kubwa ya mawe. Idadi yao ilikuwa kubwa kuliko ya askari, lakini wengi hawakuwa na bunduki. Walishika zana za shambani tu.

Cartier alikuwa na umri wa miaka 23. Mapambano yalipopamba moto, alivuka mto kwenda Saint-Antoine kutafuta risasi na watu wa kuongeza nguvu, akarudi nao. Baada ya saa nyingi za kurushiana risasi, Kanali Gore alirudi nyuma na kuuacha mzinga wake. Waasi walikuwa wameshinda.

Lakini siku hiyo hiyo lilitendeka jambo lililoutia doa ushindi huo. Afisa mmoja wa Kiingereza, Luteni George Weir, aliyekuwa amebeba barua za kijeshi, alikamatwa na waasi kabla ya mapigano kuanza. Alipokuwa akipelekwa mahali pengine alijaribu kutoroka, nao walinzi wake wakamwua. Mtu huyo alikuwa mateka, hana silaha. Kifo chake kikawa kilio cha kisasi. Mwezi wa Desemba kijiji cha Saint-Denis kilichomwa moto, na tarehe 14 ya mwezi huo, katika mapigano ya Saint-Eustache, askari walishambulia wakilitaja jina la Weir. Hivyo ndivyo ilivyo vita isiyoshikwa na sheria: damu ya mtu mmoja hulipwa kwa damu ya wengi, na walipao si wale waliotenda.

SHERIA ILIYOMWOKOA

Uasi ulivunjwa katika muda wa majuma machache. Cartier alijificha msimu wote wa baridi, uvumi ukienea kwamba amekufa porini. Mwaka 1838 alivuka mpaka na kuingia Marekani.

Mwezi wa Juni mwaka huo Gavana mpya, Lord Durham, alitoa amri iliyowapeleka viongozi wanane wa uasi katika kisiwa cha Bermuda bila kuwafikisha mahakamani. Amri hiyo hiyo iliwataja watu wengine 16 waliokuwa wamekimbia, ikasema kwamba wakionekana tena nchini bila ruhusa watauawa. Miongoni mwa majina hayo 16 limo la mwalimu wake, Rodier, na limo la Cartier mwenyewe.

Kilichofuata kinafaa kukumbukwa na kila mlinzi wa sheria. Amri ya Durham ilipofika London ilipingwa, na serikali ya Uingereza ikaifuta mwaka huo huo, kwa kuwa Gavana hakuwa na mamlaka ya kuwahukumu watu namna hiyo pasipo kesi. Durham alijiuzulu kwa hasira. Cartier, ambaye jana yake alikuwa akingojewa na kitanzi, alirejea Montréal mwishoni mwa mwaka 1838 na kufungua tena ofisi yake ya uwakili. Wenzake wengi hawakupata bahati hiyo. Baada ya uasi wa pili wa mwezi Novemba 1838, ambao Cartier hakushiriki, mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu wengi. Watu 12 walinyongwa mjini Montréal na wengine 58 wakasafirishwa hadi Australia.

Tangu hapo Cartier hakushika tena silaha. Hakuacha kudai haki za watu wake, ila alibadili njia.

KUTOKA MAHAKAMANI HADI BUNGENI

Mwaka 1841 Uingereza iliziunganisha sehemu mbili za Kanada, ya Wafaransa na ya Waingereza, ziwe koloni moja lenye Bunge moja. Nia mojawapo ilikuwa kuwameza Wafaransa polepole. Lakini mwanasiasa Louis-Hippolyte LaFontaine alishirikiana na Mwingereza aliyependa mageuzi, Robert Baldwin, na kufikia mwaka 1848 wakapata lile lililokosekana mwaka 1837: serikali inayowajibika kwa Bunge. Cartier alikuwa mpiga kampeni wa LaFontaine, na mwaka 1848 yeye mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Verchères.

Mwaka mmoja tu baadaye alishuhudia hasira ya upande mwingine. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwalipa fidia watu walioharibiwa mali wakati wa uasi. Tarehe 25 Aprili 1849, Gavana Lord Elgin alipoitia sahihi, watu waliodai kwamba waasi wanazawadiwa waliivamia nyumba ya Bunge mjini Montréal na kuiteketeza kwa moto. Gavana mwenyewe alipigwa mawe na mayai. Hata hivyo alikataa kuwaachia askari wawafyatulie wananchi risasi, naye alilaumiwa kwa woga. Historia imemwona kuwa shujaa, kwani sheria ile ilisimama na nchi haikuingia vitani.

Mwaka 1855 Cartier aliingia katika Baraza la Mawaziri, na mwaka 1856 akawa Mwanasheria Mkuu wa Kanada ya Mashariki. Hapo ndipo alipofanya kazi iliyodumu kuliko zote. Sheria za watu wa Québec juu ya ndoa, urithi, mikataba na ardhi zilikuwa zimetawanyika katika amri za wafalme wa Ufaransa, desturi za Paris na sheria za Kiingereza. Mwananchi wa kawaida hakuweza kujua haki yake iko wapi. Mwaka 1857 Cartier alipitisha sheria ya kuunda tume ya kuzikusanya zote katika kitabu kimoja, kwa lugha zote mbili. Kitabu hicho cha Sheria za Madai kilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1866, na kiliendelea kutumika hadi mwisho wa mwaka 1993, miaka zaidi ya mia moja na ishirini. Kadhalika aliongeza mahakama katika wilaya za mashambani ili mkulima asilazimike kusafiri siku nyingi kutafuta haki. Aliunga mkono pia sheria ya mwaka 1854 iliyokomesha utaratibu wa zamani wa mabwana wa ardhi waliotoza kodi na huduma kwa wakulima.

Haifai kuficha upande wake wa pili. Huku akiwa mwanasiasa mkubwa, Cartier alikuwa pia wakili wa Kampuni ya Reli ya Grand Trunk, iliyotegemea sana fedha za serikali. Hakuliona hilo kuwa kosa, wala wengi wa rika lake hawakuliona hivyo. Baadaye, mapenzi hayo ya reli ndiyo yaliyomtumbukiza shimoni.

MSWADA ULIOIANGUSHA SERIKALI

Kuanzia mwaka 1858 Cartier aliongoza serikali akishirikiana na wakili mwenziwe wa upande wa Waingereza, John A. Macdonald. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani, na mwishoni mwa mwaka huo Uingereza na Marekani zilikaribia kupigana. Kanada, yenye mpaka mrefu usio na ngome za kutosha, ilijiona uchi. Serikali ikatayarisha mswada wa kuunda jeshi la mgambo la watu 50,000.

Mswada huo ulikataliwa mwezi Mei 1862 kwa kura 61 dhidi ya 54. Gharama iliwatisha wabunge, na baadhi ya wafuasi wa Cartier mwenyewe, Wafaransa waliohofia kulazimishwa kuingia jeshini, walipiga kura ya kumpinga. Serikali ikaanguka. Ni somo la kwanza alilolipata juu ya majeshi: hakuna ulinzi unaoweza kujengwa ikiwa wananchi wenyewe hawauamini.

KUZALIWA KWA SHIRIKISHO

Mwaka 1864 Cartier na Macdonald waliungana na hasimu wao mkubwa, George Brown, kwa shabaha ya kuyaunganisha makoloni ya Uingereza ya Amerika ya Kaskazini. Mikutano ilifanyika Charlottetown na Québec mwaka huo huo.

Macdonald alipendelea serikali moja yenye nguvu zote. Cartier ndiye aliyesimama kidete kutaka shirikisho, ili Québec ibaki na Bunge lake, shule zake na sheria zake. Katika mjadala wa mwezi Februari 1865 alieleza fikira yake: kwamba taifa jipya halitakuwa la kabila moja wala la dini moja, bali taifa la kisiasa, ambamo watu wa asili mbalimbali wataungana bila mmoja kummeza mwenziwe. Tarehe 10 Machi 1865 Bunge lilikubali mpango huo kwa kura 91 dhidi ya 33. Tarehe 1 Julai 1867 Shirikisho la Kanada lilizaliwa, likiwa na majimbo manne: Ontario, Québec, New Brunswick na Nova Scotia. Macdonald akawa Waziri Mkuu. Cartier, aliyeweza kuchagua karibu wizara yoyote, alichukua ile iliyoonekana ngumu kuliko zote: Wizara ya Mgambo na Ulinzi.

JESHI CHINI YA SHERIA

Hatari haikuwa ya kufikirika. Mwezi Juni 1866 Wafenia, wapiganaji wa asili ya Ireland waliokuwa Marekani na waliotaka kuiumiza Uingereza kwa kuishambulia Kanada, walivuka mpaka na kuwashinda wanamgambo wa Kanada katika mapigano ya Ridgeway. Wanamgambo hao walikuwa hodari wa moyo, ila mafunzo yao yalikuwa haba na amri zao za kuvurugana.

Cartier alipeleka Bungeni sheria mpya, nayo ikapitishwa mwezi Mei 1868. Sheria hiyo iliigawa nchi katika wilaya tisa za kijeshi. Ilitamka kwamba kila mwanamume mzima wa umri wa miaka 18 hadi 60 anaweza kuitwa kuilinda nchi, lakini jeshi lenyewe la mazoezi, watu 40,000, litokane kwanza na wenye kujitolea. Alikuwa amejifunza kutokana na mwaka 1862. Mbele ya Bunge alieleza kwamba watu na ardhi havitoshi kufanya taifa. Nguvu ya ulinzi ndiyo inayokamilisha jengo.

Na nguvu hiyo aliiweka chini ya nani? Iliwekwa chini ya Waziri anayeulizwa maswali Bungeni, kwa bajeti inayopigiwa kura, na kwa sheria iliyochapishwa ambayo kila mtu aweza kuisoma. Yule aliyevuka mto kutafuta risasi za waasi sasa alihakikisha kwamba hakuna risasi ya serikali itakayotolewa pasipo idhini ya sheria.

Matunda yalionekana mapema. Tarehe 25 Mei 1870 Wafenia walipovuka tena mpaka huko Eccles Hill, katika jimbo la Québec, walirudishwa na wanamgambo na walinzi wa mahali hapo, wala hakuna Mkanada aliyeuawa. Mwaka 1871 askari wa Uingereza walifunga virago, wakabakisha kikosi Halifax tu. Katika mwaka huo huo Kanada iliunda vikosi viwili vya mizinga, kimoja Kingston na kingine Québec, ambavyo ndivyo mwanzo wa jeshi lake la kudumu.

AHADI ISIYOANDIKWA

Sasa tunafika mahali pagumu. Mwaka 1869 Cartier na mwenziwe William McDougall walikuwa London, wakijadiliana juu ya kununua eneo kubwa mno la kaskazini na magharibi lililokuwa mikononi mwa Kampuni ya Hudson's Bay. Bei ilikuwa pauni 300,000. Ardhi iliuzwa na kununuliwa, lakini wenyeji waliokuwa wakiishi humo hawakuulizwa neno.

Katika bonde la mto uitwao Red River waliishi watu wapatao 12,000. Wengi wao walikuwa Wamétis, yaani watu waliotokana na wafanya biashara wa Kizungu na wanawake wa mataifa ya wenyeji wa asili. Walipoona wapimaji wa ardhi wanaingia mashambani mwao bila ruhusa, walisimama chini ya kijana mmoja mwenye elimu, Louis Riel. Mwezi Novemba 1869 waliiteka ngome ya Fort Garry, kisha wakaunda serikali ya muda.

Riel alitaka mazungumzo, wala hakutaka vita. Lakini tarehe 4 Machi 1870 serikali yake ilimpiga risasi mfungwa mmoja kutoka Ontario, Thomas Scott, baada ya kesi ya haraka. Kama vile kifo cha Luteni Weir mwaka 1837, kifo hicho cha mfungwa kiliwasha moto. Ontario nzima ilidai kisasi.

Wajumbe wa Red River walifika Ottawa mwezi Aprili, wakiongozwa na Padre Noël-Joseph Ritchot. Macdonald aliugua sana mwanzoni mwa mwezi Mei, na mzigo wa mazungumzo ukamwangukia Cartier. Kazi aliyoifanya ilikuwa kubwa. Sheria ya Manitoba, iliyopitishwa mwezi Mei 1870, iliwapa watu hao jimbo lao wenyewe, ikahifadhi lugha zote mbili na shule za madhehebu, na kuweka kando eka 1,400,000 kwa ajili ya watoto wa Wamétis. Mtu aliyepigana Saint-Denis alijua vema kwamba waasi wenye malalamiko ya haki hutulizwa kwa haki.

Lakini liliachwa jambo moja. Padre Ritchot alitaka msamaha kwa wote walioshiriki katika upinzani. Kwa maelezo yake, Cartier alimhakikishia kuwa msamaha utatoka kwa Malkia. Padre alirudi Red River akiwa na hakika hiyo moyoni, bila karatasi mkononi. Wakili aliyekusanya sheria za Québec katika kitabu kimoja, neno kwa neno, aliliacha neno zito kuliko yote likielea hewani. Sababu yake inafahamika: kuliandika kungewaghadhibisha wapiga kura wa Ontario. Lakini wahenga walisema, ahadi ni deni.

ASKARI KATIKA RED RIVER

Wakati huo huo serikali ilipeleka kikosi cha watu wapatao 1,200, askari wa Uingereza pamoja na wanamgambo wa Kanada, chini ya Kanali Garnet Wolseley. Kama safari ya kijeshi, ilikuwa ya ajabu: walipita maziwa, mito na misitu wakivusha mashua nchi kavu, wala hawakupoteza mtu. Wolseley aliikumbuka safari hiyo. Mwaka 1884, alipotumwa kupanda Mto Nile kwenda kumwokoa Jenerali Gordon mjini Khartoum, aliomba wapiga makasia kutoka Kanada, na karibu watu 400 walikuja Sudan.

Kikosi kilifika Fort Garry tarehe 24 Agosti 1870. Kilitumwa kama kikosi cha amani, na Riel alikuwa tayari kukabidhi madaraka. Lakini baadhi ya wanamgambo kutoka Ontario walikuja na nia ya kulipiza kisasi cha Scott, na Riel akalazimika kukimbia. Askari wa Uingereza waliondoka baada ya siku chache, wanamgambo wakabaki, nidhamu ikalegea. Tarehe 13 Septemba, Mmétis mmoja aitwaye Elzéar Goulet, aliyekuwa miongoni mwa waliomhukumu Scott, alitambuliwa mjini na kukimbizwa na watu ambao miongoni mwao walikuwamo wanamgambo. Alijitosa mtoni ili aogelee hadi ng'ambo. Walimtupia mawe mpaka akazama. Hakuna aliyeshtakiwa.

Ndugu askari, tazama mambo haya kwa makini. Sheria ya mwaka 1868 ilikuwa nzuri. Wilaya tisa zilikuwapo, bajeti ilikuwapo, Waziri alikuwapo. Lakini kando ya mto ule, siku ile, sheria ilitegemea mkono wa askari mmoja mmoja wa kuokota jiwe au kuliacha. Waliovaa sare waliifanya sheria ya Cartier kuwa karatasi tupu.

Hata hivyo, mwezi Oktoba 1871 Wafenia walipotishia Manitoba, Riel na wapanda farasi wake walijitokeza kuilinda serikali. Luteni Gavana Archibald aliwashukuru na kuwapa mkono. Msamaha haukuja.

FEDHA ZA RELI NA MWISHO WA SAFARI

Mwaka 1871 British Columbia ilijiunga na Shirikisho kwa ahadi kwamba reli itafika bahari ya Pasifiki katika muda wa miaka kumi. Mwaka 1872 Cartier aliupitisha mswada wa reli hiyo Bungeni. Lakini afya yake ilikuwa imevunjika kwa ugonjwa wa mafigo, na katika uchaguzi wa mwaka huo, akihitaji fedha za kampeni, alimgeukia tajiri Hugh Allan aliyeitamani kandarasi ya reli. Tarehe 30 Julai 1872 aliandika barua ya kumwomba fedha. Chama chao kilipokea kwa Allan dola zipatazo 350,000. Tofauti na msamaha, ahadi hizo za fedha ziliwekwa katika maandishi, na maandishi hayo yalipochapishwa magazetini mwaka uliofuata yaliiangusha serikali ya Macdonald mwezi Novemba 1873.

Fedha zote hizo hazikumsaidia. Cartier alishindwa katika jimbo lake la Montréal Mashariki. Kisha likatokea jambo la kustaajabisha. Huko Manitoba, katika jimbo la Provencher, Louis Riel alikuwa mgombea mwenye hakika ya kushinda. Akajitoa, ili Cartier apite bila kupingwa. Mtu asiyepata msamaha alimpa kiti chake mtu aliyeuahidi, akitumaini kwamba sasa deni litalipwa.

Halikulipwa. Cartier alisafiri kwenda London kutafuta matibabu, na huko akafariki tarehe 20 Mei 1873. Mwili wake ulirejeshwa kwa meli, na tarehe 13 Juni ulizikwa Montréal mbele ya umati mkubwa wa watu. Siku tatu baada ya kifo chake, tarehe 23 Mei 1873, ilitiwa sahihi sheria ya kuanzisha Polisi wa Farasi wa Kaskazini-Magharibi, waliotumwa katika ile ile ardhi iliyonunuliwa London. Kutokana na kikosi hicho imetokea Polisi ya Kifalme ya Kanada, yenye jina hilo tangu mwaka 1920.

Msamaha ulitoka mwaka 1875, lakini kwa Riel uliambatana na sharti la kukaa uhamishoni miaka mitano. Wamétis wengi, baada ya kucheleweshewa na kupokonywa ardhi waliyoahidiwa, walihamia magharibi zaidi. Mwaka 1885 walichukua silaha tena, Riel akiwa kiongozi. Polisi wa farasi na wanamgambo walipelekwa kupigana nao. Wengi walikufa pande zote mbili, na tarehe 16 Novemba 1885 Riel alinyongwa mjini Regina. Askari wa mwaka 1885 walilipa kwa maisha yao deni lililowekwa na wanasiasa miaka kumi na mitano kabla.

Cartier ana sanamu kubwa mjini Montréal, chini ya mlima wa Mount Royal, iliyozinduliwa mwaka 1919. Anastahili heshima hiyo. Sheria ilimwondolea kitanzi alipokuwa mkimbizi, naye akautumia umri wake uliobaki kuwajengea wengine nyumba ya sheria: mahakama, katiba na jeshi linalojibu mbele ya Bunge. Pale alipoandika, aliyoyaandika yalisimama zaidi ya karne. Pale alipolitoa neno kwa mdomo tu kwa kuwaogopa wapiga kura, bunduki ndiyo iliyokuja kulimaliza neno hilo.